Enid Hakupita

Hebblethorpe, 29 Agosti 1983

Shemeji Muriel,

Mimi sijambo, ila tumbo. Tumbo limechafuka tangu jana asubuhi, nilipofungua bahasha yako nikatoa ile karatasi ya zambarau uliyoandikia maneno ya jiwe la Enid. Kwanza inanuka. Umeipulizia nini, manukato ya kuogea? Nimeianika dirishani na hata nzi wanaizunguka kwa mbali.

Halafu maneno yenyewe. Nayanakili hapa kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne, pengine ukiyaona hivi utayaonea haya: "Enid, mke na dada mpendwa, alipita kwa amani."

Alipita! Alipita akaenda wapi, shemeji? Kinachopita hapa ni basi la Halifax, kila nusu saa, na ukilipungia linasimama. Mimi nimekuwa mchukua mizoga wa mashamba ya bonde hili miaka arobaini na mmoja. Nimevuta ng'ombe, farasi, nguruwe, na mara moja ngamia wa sarakasi. Sijakuta hata mmoja aliyepita. Wote walikufa. Mkulima akinipigia simu husema, "Irvin, jike langu limekufa, njoo kabla halijavimba." Hakuna aliyewahi kuniambia jike lake limepumzika.

Siku ya mazishi, pale ukumbini, nilisimama mlangoni kupokea mikono ya watu, nikawa nahesabu. "Pole, Irvin, ametutoka." "Ametangulia." "Ameitwa." "Tumempoteza, Irvin." "Yuko pazuri kuliko hapa," huyo mke wa mwenye bucha, mdomo umejaa sandwichi. Na hilo lenu la kupita, limezagaa kama mafua, kila mtu analo. Maneno kumi na moja tofauti, na lenyewe halikutajwa hata mara moja. Walikuwa kama watu wanaokwepa mavi ya mbwa njiani: kila mmoja anaruka kwa mtindo wake, na wote wanajua yapo.

Sasa nisikilize. Jiwe la wazazi wenu liling'olewa mwezi wa tatu ili kaburi lifunguliwe, Enid awekwe juu yao. Mpaka leo limeegemezwa kwenye ukuta wa kanisa, kondoo wanajikunia. Juu ya Enid kuna kigingi cha mbao chenye namba 214, na mbwa wa kijiji kizima wanakijua. Sheria ya kanisa ni miezi sita, udongo utulie, ndipo jiwe lirudi. Miezi sita inatimia tarehe 18. Na kwa kuwa jiwe ni la wazazi wako na marehemu ni mke wangu, Kasisi Crabtree anataka sahihi mbili kwenye fomu moja, chini ya maneno yaleyale. Bila hivyo Haigh mchonga mawe hagusi patasi, na Enid anabaki kuwa 214.

Mimi nataka hivi: ENID SUGDEN, ALIKUFA TAREHE 11 MACHI 1983. Basi. Fomu hiyo hapo. Tia sahihi.

Shemeji yako,
Irvin Sugden


Worthing, 3 Septemba 1983

Mpendwa Irvin,

Asante kwa barua yako, ingawa nililazimika kuisoma nikiwa nimesimama, na sehemu ya mbwa niliiruka.

Naomba unielewe. Sikatai kwamba neno lako ni la kweli. Nakataa kwamba kila la kweli lichongwe. Neno hilo ni la machinjioni. Watu wanapita pale makaburini Jumapili na wajukuu wao. Mama na Baba waliandikiwa "Alilala", wote wawili, na hakuna aliyewahi kulalamika. Kama "alipita" linakukera kiasi hicho, niko tayari kukubali "alilala", lilingane na yale ya juu yake.

Enid alikuwa mtu safi, Irvin. Alipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Hakustahili neno chafu. Na wewe mwenyewe ulituambia sote ukumbini, machozi yakikudondoka kwenye kikombe, kwamba aliondoka mikononi mwako, taratibu, vidole vyake ndani ya vyako. Kama hiyo si amani, basi ni nini?

Fomu nairudisha, haina sahihi.

Wako kwa huzuni,
Muriel Prewett


Hebblethorpe, 7 Septemba 1983

Shemeji Muriel,

Barua yako nimeisoma mara mbili.

Baba yenu alilala! Shemeji, ulikuwa na miaka kumi na saba na ulikuwa umejificha kwa shangazi yako, kwa hiyo acha nikukumbushe. Baba yenu alitumbukia kwenye pipa la rangi kiwandani, saa tano mchana, wakamtoa kwa ndoano akiwa wa bluu mpaka kwenye fizi. Mwosha maiti alikataa kumshika. Enid ndiye aliyemwosha, kwa brashi ya sakafu na magadi, mimi nikimwaga maji. Haikutoka. Alizikwa wa bluu. Halafu nyinyi mkaandika alilala. Kila tulipopita mbele ya jiwe hilo Enid aliufumba mdomo kama mtu aliyeuma ndimu.

Nimemuuliza Kasisi Crabtree, maana nilidhani ndiye anayekutia kiburi. Alikuja kunywa chai. Nikamwambia, "Kasisi, neno langu linakuudhi?"

"Haliniudhi hata kidogo, Bwana Sugden."

"Kwa sababu yule wa kwenu pale msalabani, mnasema alikufa, sivyo? Kila Jumapili mnaimba alikufa. Mbona hamsemi alipita?"

Akacheka chai ikamtoka puani. Kwa hiyo kanisa halina neno. Ni wewe tu, shemeji, na karatasi yako ya zambarau.

Unasema Enid alikuwa safi. Kweli, na ndiyo maana ilimuuma. Ule uvimbe wa utumbo haukujali kwamba anapiga pasi vitambaa. Kuanzia Januari chumba kilinuka kama lori langu la mizoga mwezi wa Julai, na mimi ndiye mtu pekee katika bonde hili ambaye harufu hiyo haimfukuzi, ndiyo kusema Mungu alimchagulia mume kwa mahesabu. Alitapika kitu cha rangi ya chai iliyolala. Mgongo ulimchubuka, shuka likaganda, nikawa nalibandua kwa maji ya uvuguvugu. Na alitukana. Enid, ambaye akijikata kidole husema "jamani", alitoa matusi ambayo mimi mwenyewe niliyaonea haya. Nikamuuliza, "Umeyatoa wapi haya, mama?" Akasema, "Kwako, mpumbavu wewe, miaka arobaini na mitatu." Tulicheka mpaka beseni likamwagika.

Hata nesi Olwen, aliyekuwa akija jioni, alipoanza na maneno yake ya pamba, "Ukifika wakati wa kuondoka, Bibi Sugden," Enid alimkatiza: "Sina safari, binti. Nakufa. Hebu ninyanyulie huo mto."

Sikia: nakufa. Kwa kinywa chake.

Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuja Februari, ukakaa saa moja, kofia hukuivua, ukasema treni imebadilishiwa saa. Nimeuliza stesheni. Treni haikubadilishiwa chochote. Halafu ukatuma sabuni sita za maua kwa posta. Mtu aliyekimbia harufu hana haki ya kuchagua maneno. Mimi nilikuwapo. Nilimshika mpaka mwisho. Neno ni langu.

Fomu hiyo tena.

Irvin


Kadi ya posta
Hebblethorpe, 19 Septemba 1983

Shemeji, miezi sita imetimia jana. Jana pia ng'ombe wa Barraclough waliingia makaburini na mmoja amekanyaga kigingi, sasa hata namba haisomeki. Umenyamaza siku kumi na mbili. Umepita kwa amani na wewe?
I.S.


Worthing, 27 Septemba 1983

Irvin,

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nasubiri barua nyingine. Nilimwandikia nesi Olwen. Nakiri nilifanya kwa hila. Nilitaka anithibitishie kwa mwandiko wake kwamba dada yangu aliondoka kwa amani mikononi mwa mumewe, nikutumie barua hiyo, unyamaze.

Amenijibu kurasa mbili, kwa upole mwingi, akidhani ninajua. Anasema aliingia saa moja na nusu jioni kwa zamu yake, akakukuta umekaa kando ya kitanda na koti la nje mwilini, kofia kichwani, karatasi ya chipsi magotini. Enid alikuwa ameshaanza kupoa. Anasema ulimwambia neno moja tu: "Nimechelewa." Anasema alikuosha mikono kama mtoto, maana ilikuwa na mafuta.

Kwanza nilifurahi. Nalisema hili ili ujue unaandikiana na mtu wa namna gani. Nilikaa mezani nikafurahi kama aliyeshinda kesi. Kisha nikajiona kwenye kioo cha kabati, nikajitia kinyaa.

Ni kweli kuhusu treni. Nilitoka kwenu nikafika kituo cha basi, nikatapika ndani ya mkoba wangu, juu ya funguo na tiketi, kwa sababu palikuwa na watu na sikutaka wanione nikitapika barabarani. Nikaufunga. Niliubeba hivyo mpaka London na kutoka London mpaka nyumbani. Mwanamke mmoja aliyeketi nami aliuliza, "Kuna samaki hapa?" Nikamjibu ndiyo, nampelekea dada yangu.

Hilo la kwangu. Sasa na wewe, ulikuwa wapi?

Muriel


Hebblethorpe, 6 Oktoba 1983

Muriel,

Nilikuwa kwenye foleni ya chipsi.

Siku hiyo ilikuwa ya tisa hajala. Saa kumi na mbili jioni akafumbua macho, akasema, "Leo Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Basi nataka chipsi. Siki nyingi."

"Utazila?"

"Sizili. Nataka kuzinusa. Nimechoka kujinusa mwenyewe."

Nikavaa koti. Ni mwendo wa dakika nne, unapajua. Foleni ilikuwa imefika nje, kama Ijumaa zote, nikasimama nyuma ya Percy Dyson. Percy akageuka akasema, "Irvin, hebu wasimulie hawa ile ya fahali." Ile ya fahali wa Barraclough, aliyekaa juani siku nne, halafu mkwewe akamchokoa tumbo kwa uma wa majani makavu aone kama yamo maji. Umeisikia, ulitoka mezani.

Nyuma yangu walikuwapo mume na mke wageni, wanapita tu, hawajawahi kuisikia. Na wanajua kucheka, Muriel. Kuna watu wanacheka mpaka unajiona kijana. Miezi miwili nilikuwa sijasikia kicheko nje ya chumba kile. Nilipofika kaunta nilikuwa bado sijafika kwenye uma. Basi nikawapisha. "Tangulieni, tangulieni, hamna neno." Nikabaki pembeni namalizia hadithi. Watu wawili. Dakika sita, labda saba, maana samaki wa yule bwana alikuwa bado anakaangwa. Nilipofika mahali pa kupasuka mwenye duka aliweka chini kijiko chake, anajifuta macho.

Nilirudi saa moja kasorobo. Nilianza kuongea kwenye ngazi. "Siki nimewamalizia," nikasema.

Nimeshika maiti maisha yangu yote, nazijua kwa joto. Yeye na chipsi walikuwa moto sawasawa. Dakika tano, Muriel. Si zaidi ya tano. Alikuwa amegeukia mlangoni, mdomo wazi, na mto umeanguka chini. Nani alimnyanyulia mto? Hakuna.

Na sasa lile ambalo hata Olwen hakulielewa, maana alidhani karatasi ile ilikuwa tupu tangu awali. Nilikaa nikazila. Zangu kwanza, halafu zake. Sikuwa na njaa. Nilikaa mbele ya mke wangu aliyekufa nikatafuna mpaka ya mwisho, nikalamba chumvi kwenye karatasi. Nimewahi kuingia ndani ya tumbo la farasi mpaka mabegani, na sijawahi kuona uchafu kama huo.

Ile ya mikononi mwangu niliitunga ukumbini. Ilinitoka yenyewe. Mtu aliuliza, "Ulikuwa naye?" nikasikia mdomo wangu unasema. Halafu wakanishika bega, ikanoga, nikaongeza vidole.

Wiki iliyopita muuza makaa alibisha hodi, mgeni, hajui habari za hapa. "Mama yupo?" Nikamjibu bila kufikiri, "Katoka kidogo." Nikafunga mlango nikatema mate kwenye sinki. Mimi, Irvin Sugden, niliyewacheka wote. Hilo ni la kumi na mbili, na ni baya kuliko yao.

Sina ubishi tena. Fomu hii hapa. Nimeandika ALILALA, kama ulivyotaka, lilingane na ya wazazi, nimeshatia sahihi. Tia yako tumalize.

Irvin


Worthing, 11 Oktoba 1983

Irvin,

Fomu yako nimeichana. Nimemwandikia Kasisi akanipa nyingine, nayo iko ndani ya bahasha hii. Soma kilichoandikwa kabla hujatia sahihi: ENID SUGDEN, ALIKUFA TAREHE 11 MACHI 1983. Neno lako. Sahihi yangu iko chini yake.

Usidhani nimelipenda. Bado linanichefua. Leo nimeliandika mara nyingi pembeni mwa gazeti ili mkono ulizoee, na kila mara nilitaka kunawa. Lakini nikijaribu yale mengine nasikia sauti yangu nikimjibu yule mwanamke wa kwenye treni. Ndiyo, ni samaki. Ndiyo, nampelekea dada yangu.

Huwezi kuniletea "alilala" sasa hivi, baada ya kunitukana wiki tano. Hilo ni neno la watu waliokuwa mbali. Mimi nilikuwa mbali kwa maili mia mbili na hamsini. Wewe ulikuwa mbali kwa watu wawili kwenye foleni. Sote tunalitaka kwa sababu moja, na sababu hiyo haimhusu Enid hata kidogo.

Dada yangu alikufa. Alikufa peke yake, kwenye chumba kinachonuka, akimsubiri mume wake alete chipsi. Nimeweza kuandika. Na wewe utaweza.

Kuhusu kuzila: alikuwa amekuambia hatazila. Sijui kama hilo linakusaidia. Mimi limenisaidia kidogo, ila sijui kwa nini.

Ukibadilisha hata herufi moja nitakuja huko mwenyewe, bila kofia.

Shemeji yako,
Muriel


Hebblethorpe, 4 Novemba 1983

Shemeji Muriel,

Nimetia sahihi. Ilinichukua wiki mbili, na kalamu ilikuwepo mezani muda wote. Kasisi akagonga muhuri.

Jana nimeipeleka kwa Haigh. Jiwe amelilaza juu ya magogo mawili uwanjani kwake, amelisugua, mavi ya kondoo na ukungu vimetoka, baba yenu na mama yenu wanasomeka kama wamezikwa juzi. Chini yao amepiga mistari ya penseli. Nikampa fomu nikageuka niondoke.

"Unakwenda wapi?" Haigh akasema. "Soma."

"Nisome nini? Si unayo mkononi?"

"Karatasi siiamini. Nimechonga makosa mawili maisha yangu, yote ya watu walionipa karatasi wakaondoka. Mwenye marehemu ananisomea kwa mdomo wake, neno kwa neno, ndipo nachonga."

"Haigh, tumesoma darasa moja. Unajua mimi si msomaji."

"Najua wewe ni mwongo. Soma."

Akanirudishia fomu. Nikasoma Enid Sugden. Hayo yalitoka vizuri. Nikaanza lile lingine, kikohozi kikanishika.

"Hilo sikulisikia."

Nikaanza tena. Nikafika palepale nikaacha. Nikasema vumbi la mawe limezidi pale uwanjani. Haigh akasema vumbi lipo tangu enzi za babu yake. Akawasha sigara, akanigeuzia mgongo, akawa anaangalia ukuta kana kwamba ana shida na ukuta. "Sina haraka," akasema. "Na mvua haijaanza."

Nikaikunja fomu, nikaikunjua. Sigara yake ilikuwa imeisha.

"Alikufa," nikasema.

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, mpaka njiwa wakaruka kutoka paani. Haigh hakugeuka mara moja. Alisubiri nimalize kujifuta uso, na nilikuwa na mengi ya kufuta.

"Hilo nimelisikia," akasema, akachukua patasi.

Irvin